Kidonge, Chapati na Mchakamchaka: Namna ya Kufundisha Uhusiano wa Dawa za Maumivu na Mzio wa Chakula

Mwalimu mwanafunzi aendaye kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule za Handeni na Korogwe hukutana mapema na maswali yasiyomo katika andalio lake la somo. Tuchukue mfano huu. Mtoto amekunywa chai kwa chapati, amemeza kidonge cha maumivu alichopewa nyumbani, kisha amekimbia mchakamchaka pamoja na wenzake. Muda si mrefu mwili wake unatoka mabaka yawashayo na midomo inavimba. Darasa zima linauliza: "Mwalimu, ni chapati au ni dawa?"

Mwalimu akijibu upesi kwamba ni chapati, huenda akamnyima mtoto chakula chema. Akijibu kwamba dawa zote za maumivu ni sumu, huenda mzazi akaacha kutumia dawa inayomfaa mtoto mwenye homa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi swali hilo linavyoweza kugeuzwa kuwa somo la Sayansi, ambalo ndani yake wanafunzi watajifunza kwamba jambo kufuatana na jingine si sawa na kusababishwa nalo.

Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Mzio, au aleji kama wengi wanavyosema, ni hali ya kinga ya mwili kukipiga vita kitu kisicho adui. Katika mzio wa chakula, kitu hicho kwa kawaida ni protini: ya karanga, yai, maziwa, samaki, kamba au ngano. Kinga iliyokwisha kuzoea kuiona protini hiyo kuwa ni adui huweka seli zake tayari. Protini hiyo ikiingia tena, seli hizo humwaga histamini, na hapo ndipo yanapotokea mabaka, uvimbe, kutapika au kubanwa na pumzi.

Dawa za maumivu zinaingiaje? Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982. Prostaglandini huleta maumivu na homa, lakini pia hulinda utando wa tumbo na utumbo. Zikipungua, utando hulegea, na protini ambayo haijasagwa barabara huweza kupenya kwa wingi zaidi. Aidha, aspirini huweza kuzichochea seli zenye histamini zifunguke kwa urahisi. Dawa za jamii yake, kama ibuprofeni na diklofenaki, huzuia prostaglandini vivyo hivyo. Parasetamoli ni ya namna nyingine. Haiudhuru utando wa tumbo kwa kiasi hicho.

Kwa hiyo liko jambo lililokwisha kuthibitika: kwa baadhi ya watu wenye mzio wa ngano, chapati peke yake haiwadhuru. Hudhurika wanapokula ngano kisha wakafanya kazi ya nguvu, au wakameza aspirini. Hapa kidonge hakikuuzaa mzio, bali kimeufungulia mlango mzio uliokuwamo.

Liko na jambo la pili, ambalo bado linachunguzwa: je, dawa hizi zaweza kuuanzisha mzio kwa mtoto ambaye hakuwa nao? Mwaka 2008 ulitangazwa uchunguzi wa watoto zaidi ya 200,000 wa miaka 6 na 7 katika nchi 31. Waliopewa parasetamoli kwa ajili ya homa katika mwaka wao wa kwanza walionekana kuwa na pumu zaidi, na pia ukurutu. Huko Butajira, Ethiopia, watoto waliofuatiliwa tangu kuzaliwa walionyesha uhusiano wa namna hiyo kati ya parasetamoli na kukoroma kwa kifua. Lakini mtoto hapewi parasetamoli bure. Hupewa kwa sababu anaumwa. Yawezekana ugonjwa wenyewe ndio ulioacha athari, na dawa ikawa shahidi tu aliyekutwa mahali pa tukio. Na tukumbuke kwamba habari hizo ni za pumu na ukurutu; kuhusu mzio wa chakula ushahidi ni mchache zaidi.

Mfano ulio karibu nasi

Ili kuwaeleza wanafunzi jinsi sababu ya kweli inavyotafutwa, hatuna haja ya kwenda mbali. Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Watoto 15,459 waliandikishwa katika vituo hivyo. Waligawanywa kwa kura: wengine walipata chanjo ya malaria, wengine chanjo nyingine. Kwa kuwa kura haimchagui mgonjwa wala mzima, maskini wala tajiri, tofauti iliyoonekana baadaye iliweza kuhesabiwa kuwa ni ya chanjo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo itumike. Uchunguzi wa mwaka 2008 haukuwagawa watoto kwa kura. Ndiyo maana hatuwezi kuusoma kwa namna ileile.

Mpango wa somo (dakika 40)

Zana: vifumbu viwili, kimoja kizima na kingine kikuukuu kilichotatuka, nazi iliyokunwa, maji, bakuli mbili na ubao.

Hatua ya kwanza. Wanafunzi wawili wakamue nazi, kila mmoja kwa kifumbu chake. Katika kifumbu kizima tui hupita na machicha hubaki. Katika kile kilichotatuka machicha hupita pamoja na tui. Waulize wanafunzi: tui ni mfano wa nini? Ni chakula kilichosagika. Machicha je? Ni protini isiyosagika. Kisha uwatahadharishe kwamba utumbo u hai na hujitengeneza, ilhali kifumbu hakijitengenezi. Mfano husaidia kuelewa, lakini hauwi kitu chenyewe.

Hatua ya pili. Andika ubaoni habari za mkata mkonge mmoja, mtu mzima wa kubuni:

Siku ya kwanza: chapati, kisha mapumziko. Hakuna mabaka.
Siku ya pili: chapati, kisha kukata mkonge. Hakuna mabaka.
Siku ya tatu: chapati, aspirini, kisha kukata mkonge. Mabaka.

Waulize wanafunzi nani mwenye kosa. Wengi watasema aspirini. Usiwakatishe, waulize ni siku gani haimo ubaoni. Atapatikana mmoja wa kusema: "Siku ya aspirini na mkonge bila chapati." Hapo somo limefika. Pasipo siku hiyo hatuwezi kujua kama aspirini inamdhuru peke yake, au inamdhuru kwa kushirikiana na ngano.

Hatua ya tatu. Sisitiza kwamba siku iliyokosekana haijaribiwi nyumbani. Jaribio la namna hiyo ni kazi ya daktari, mahali penye dawa ya kuokoa maisha. Kazi yetu ni kuandika tu: alikula nini, alimeza nini, alifanya nini, na yalitokea saa ngapi.

Tathmini. Kila mwanafunzi aeleze kwa sentensi tatu tofauti kati ya kuzaa mzio na kuufungulia mlango.

Wajibu wa mwalimu nje ya somo

Kwanza, mwalimu asigawe vidonge vya maumivu darasani. Aspirini haifai kwa watoto walio chini ya miaka 16 isipokuwa kwa amri ya daktari, kwa kuwa yaweza kuwaletea ugonjwa wa Reye, unaodhuru ini na ubongo.

Pili, katika wilaya zenye malaria kama zetu, homa iliyotulizwa kwa kidonge si homa iliyopona. Mtoto apelekwe zahanati akapimwe. Hatari ya kuchelewa kupima malaria ni ya hakika. Hatari ya parasetamoli kuzaa mzio bado haijathibitika. Mwalimu asiwatishe wazazi kwa jambo la pili hata wakalisahau la kwanza.

Tatu, mtoto akivimba ulimi au akibanwa na pumzi baada ya kula, usingoje. Mlaze na kumwinua miguu. Akipumua kwa shida, mwache aketi. Usimnyweshe kitu. Apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya akapate sindano ya adrenalini, na aendaye naye aseme waziwazi chakula na dawa alivyotumia.

Hitimisho

Mwalimu aliyeulizwa "ni chapati au ni dawa?" sasa anaweza kujibu bila aibu: "Huenda ni vyote viwili kwa pamoja, tuandike kwanza tuliyoyaona, kisha tumpeleke mwenzenu zahanati." Jibu hilo halimwondolei mwalimu heshima. Humfundisha mtoto kwamba asiyeandika aliyoyaona hana cha kulinganisha, na asiyelinganisha hubaki kukisia.