FIKRA SANIFU: SOMO LA KUULIZA KABLA YA KUUNDA

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii tunaikariri tangu shule ya msingi, tunaiandika katika insha, tunapewa alama, kisha tunaisahau papo hapo. Lau tungeifuata, vitu vingi tunavyovitumia vingeundwa vingine kabisa. Mfereji wa kunawia mikono usingewekwa juu hata mtoto wa darasa la kwanza aufikie kwa kuruka. Dawati lisingemkwaruza magoti mwanafunzi mrefu. Choo cha shule kisingekuwa na vidato vitatu mlangoni ilhali kuna mwenzetu wa kiti cha magurudumu. Aliyeviunda vitu hivi hakuwa na roho mbaya. Hakuuliza, basi.

Makala haya yanahusu elimu ya kuuliza kabla ya kuunda. Elimu hii ilipata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa kupitia Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, na sasa inafundishwa katika shule za nchi nyingi. Mimi nitaiita fikra sanifu. Kusanifu ni kubuni na kuunda jambo kwa ustadi. Ndiyo maana mchoraji wa majumba huitwa msanifu. Basi fikra sanifu ni namna ya kufikiri kama msanifu, hata kama unachokiunda si jumba bali ni ratiba ya zamu ya kufagia.

HATUA TANO

Walimu wa elimu hii huigawa katika hatua tano:

1. Kumwelewa mwenye shida. Unamwendea, unamtazama akifanya kazi yake, unamwuliza na kumsikiliza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

2. Kulitaja tatizo. Baada ya kusikiliza, unaandika kwa sentensi moja nani anahitaji nini, na kwa nini.

3. Kubuni njia nyingi. Si njia moja! Mnakaa pamoja na kutoa mawazo hata yale yanayochekesha, na hakuna kumkatiza mwenzako ati wazo lake ni la kipuzi.

4. Kuunda kielelezo. Hiki ni kitu cha kujaribia, cha bei rahisi. Katoni, udongo, kamba na mkebe vinatosha.

5. Kujaribu. Unampa mwenye shida akitumie, nawe unatazama kinapomkwamia.

Waama hatua hizi si kama madarasa, kwamba ukishatoka la tano hurudi la pili. Mara nyingi hatua ya tano ndiyo inayokurudisha kwenye ya kwanza, na kurudi huko si aibu. Kupotea njia ndiyo kujua njia.

MFANO WA JIKO LA UDONGO

Mtu asidhani mambo haya ni ya wazungu peke yao. Tazama jiko lililo jikoni kwenu. Zamani jiko la makaa lilikuwa la bati tupu. Joto lilipotea ubavuni, makaa yakaisha upesi, na mpishi akaunguzwa. Mnamo 1981 mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati ulifanyika Nairobi, na katika miaka hiyo wataalamu, mashirika kama KENGO na mafundi wa jua kali wakatafuta jiko lililo bora. Walichukua wazo kutoka kwa jiko la ndoo la Thailand, ambalo lina udongo uliochomwa kwa ndani.

Je, walifaulu siku ya kwanza? Wapi! Katika majiko ya mwanzo udongo ulipasuka, na jiko likawa halidumu. Ikawa ni kutengeneza, kuwapa wapishi watumie, kusikiliza malalamiko, kisha kutengeneza upya. Hatimaye likatokea umbo tunalolijua, jiko lenye kiuno chembamba katikati. Udongo hukaa nusu ya juu tu, ukishikiliwa na kile kiuno pamoja na saruji, nayo nusu ya chini ni bati ya kupokea majivu na kupitisha hewa. Mafundi wa Shauri Moyo waliweza kuikunja bati hiyo kwa nyundo na mkasi waliokuwa nao. Jiko hili likitengenezwa vyema hupunguza makaa kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 50. Limevuka mipaka hata Uganda, Tanzania na Rwanda.

Angalia walichokihifadhi. Hawakumwambia mpishi abadilishe sufuria, wala aache kukaa kigodani. Jiko ndilo lililobadilika kumfuata mtu. Hapo ndipo penye siri ya fikra sanifu.

Mfano wa pili ni M-Pesa. Ilipojaribiwa mwaka 2005 ilikusudiwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Waliokuwa wakiijaribu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wenye mradi hawakuwakemea, waliwatazama wakajifunza. Ilipozinduliwa Machi 2007 ikaja kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na yaliyofuata sote tunayajua.

SHULENI TUNAFUNDISHWA HIVI?

Kwa haki, mtaala wa umilisi, yaani CBC, ulioanza kote nchini mwaka 2019, unataja utatuzi wa matatizo na ubunifu miongoni mwa mambo ambayo kila mwanafunzi apaswa kuyapata. Sisi wa 8-4-4 tu wa mwisho mwisho, kwa maana mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023. Wadogo zetu ndio wenye bahati. Lakini hebu tazama kazi zao zinavyofanyika huko nyumbani. Mwalimu anasema leteni kielelezo cha kitu fulani. Mtoto analia, mama anaacha kuuza mboga anakimbia dukani kununua karatasi za rangi, kaka mkubwa anakata na kubandika, na kesho yake kazi safi inawekwa dirishani ipigwe picha. Sasa hapo nani amefikiri? Mtoto hakumwuliza mtu shida yake, na hicho kitu hakuna atakayekitumia. Hatua ya nne imefanywa bila ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano.

Nasi wa sekondari tuna ugonjwa wetu. Tumezoea swali lenye jibu moja, tena jibu liko nyuma ya kitabu. Ukipewa swali lisilo na jibu nyuma ya kitabu, unabaki kumtazama mwalimu. Na huko nje, jamani, maswali yote ni ya aina hiyo.

TULIVYOJARIBU CHAMANI

Muhula wa pili mwaka jana, chama chetu cha Kiswahili kililichukua tatizo la kuchelewa. Hii ni shule ya kutwa, na kila asubuhi kundi lilelile lilikuwa likipiga magoti langoni. Mawazo ya kwanza yalikuwa yaleyale: adhabu iongezwe, kengele ipigwe mapema, wavivu waandikwe majina. Mlezi wetu akasema, "Ngojeni kwanza. Kuna aliyewauliza?" Hakuna.

Tukawauliza, kila mmoja kando na wenzake, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Jambo la lugha ni kubwa kuliko tunavyodhani. Langoni, kwa Kiingereza, walikuwa wakijibu "samahani" tu. Kwa lugha waliyoizoea walieleza. Wengi walikuwa wa upande wa bondeni, ambako kioski cha maji hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na foleni ni ndefu. Wasipochota, nyumbani hakupikwi wala hakuoshwi. Basi hawakuwa wavivu hata kidogo. Walikuwa wameamka kabla yetu sote.

Tatizo likaandikwa upya: "Wanafunzi wa bondeni wanahitaji njia ya kupata maji ya nyumbani bila kupanga foleni asubuhi." Tazama lilivyo mbali na lile la kwanza la "wavivu waadhibiwe". Mawazo yakatoka mengi. Tukachagua moja la kujaribu kwa wiki moja: wanafunzi watano wachote maji ya tanki la shule jioni, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Siku ya kwanza mtungi wa lita 20 uliwashinda kwa sababu ya kile kilima. Siku ya pili wakabeba mitungi ya lita 10, na wheelbaro ya shamba la shule ikasaidia. Kufikia Ijumaa wanne walikuwa wakiwahi gwaride. Wa tano bado alichelewa, kwa kuwa humpeleka mdogo wake chekechea kwanza. Hilo ni tatizo lingine, nalo lataka maswali yake.

Sitakudanganya kwamba mambo yameisha. Tanki hukauka wakati wa kiangazi, na hapo tunarudi hatua ya tatu. Lakini kupiga magoti langoni kumepungua, na hakuna shilingi iliyotumika. Tena wale wenzetu sasa wanaitwa kwa majina yao, si "wachelewaji".

MAMBO YA KUZINGATIA

Mwalimu anayetaka kufundisha fikra sanifu hahitaji kompyuta. Anahitaji saa moja kwa wiki, tatizo lililo karibu, na moyo wa kuvumilia kazi inayoharibika. Atoe alama kwa maswali yaliyoulizwa na kwa mara ambazo kielelezo kilirekebishwa, asitazame urembo wa kitu peke yake.

Tena tusiifanye elimu hii kuwa dawa ya kila ugonjwa. Kuna shida ambazo kielelezo cha katoni hakiziwezi. Kioski kimoja kwa kijiji kizima ni jambo la serikali ya kaunti na bajeti. Hata hivyo, anayejua kulitaja tatizo kwa sentensi moja iliyo wazi ndiye atakayesikizwa katika baraza.

ZOEZI

1. Chagua kitu kimoja shuleni kinachowasumbua watu. Waulize watu watatu tofauti wanaokitumia, kisha uandike maneno yao jinsi walivyoyasema.

2. Andika tatizo kwa sentensi moja bila kumlaumu mtu yeyote.

3. Toeni njia kumi. Mkikwama kwenye ya nne, endeleeni; nzuri huja baadaye.

4. Unda kielelezo kwa vitu visivyonunuliwa, ukijaribu mbele ya mwenye shida. Usimfundishe namna ya kukitumia. Nyamaza, utazame.

Matokeo yaletwe chamani Alhamisi baada ya masomo, hata kama kielelezo kimevunjika. Hicho kilichovunjika ndicho tutakachoanza nacho.