Jinsi Neno Linavyokaa Akilini

Waalimu wa Ngara na Biharamulo, mara nyingi twasikia kwamba mtoto alilijua somo lake jana, na leo hana hata neno moja. Yafaa tujue sababu kabla ya kumlaumu.

Mwaka 1968 wataalamu wawili wa Marekani, Richard Atkinson na Richard Shiffrin, waliieleza kumbukumbu kwa hatua tatu. Twaweza kuzifananisha na mavuno ya maharage. Kwanza kuna uwanja: yote tuyaonayo na kuyasikia hutua hapo kwa kitambo kidogo sana, na yasiyoangaliwa hupeperuka kama makapi. Pili kuna kikapu: yale tuliyoyaangalia huingia humo, lakini kikapu chenyewe ni kidogo. George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba huchukua vitu 7 hivi. Watafiti wa baadaye wamesema 4 tu. Visiporudiwa, hutoka kabla dakika moja haijaisha. Tatu kuna kihenge, ambamo maneno hukaa hata miaka mingi. Huu ni mfano tu, maana akilini hamna vyumba vyenye kuta.

Basi, mtoto wa Ngara aliyezoea Kihangaza nyumbani, akifundishwa sentensi ya Kiswahili asiyoielewa, kila neno kwake ni kitu peke yake, na kikapu hujaa upesi. Lakini akielezwa maana, maneno mengi hufungwa pamoja kuwa mzigo mmoja, naye aweza kuuchukua.

Tena Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe, na katika kitabu chake cha mwaka 1885 alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tuliyojifunza husahauliwa siku ile ya kwanza; na kwamba kurudia kwa siku mbalimbali hushinda kukariri mara nyingi kwa siku moja. Usingizi nao husaidia kuhifadhi.

Kwa hiyo twawashauri hivi. Somo, liwe la Katekisimo au la hesabu, lisiwe refu. Elezeni maana kwanza. Kesho yake mwulizeni mtoto kabla ya kumsomea tena, kwa kuwa kulitafuta neno mwenyewe hulitia nguvu. Ulizeni tena baada ya juma moja. Maana mtoto aimbaye maneno asiyoyaelewa amejaza kikapu tu. Kihenge chake bado ki kitupu.