Samaki wa Kimoroko kwa Jiko la Makaa

Wamoroko hupika samaki katika tajini, chungu cha udongo chenye kifuniko kirefu kinachorudisha mvuke chini. Mimi hutumia sufuria nzito na makaa.

Watu wanne: tilapia wa kilo 1, karoti 3, viazi 3, nyanya 4, hoho 1. Twanga kitunguu saumu, majani ya giligilani, bizari nyembamba na chumvi; changanya na ndimu na mafuta. Wao huiita sharmula. Mpake samaki, akae nusu saa.

Siri ni mpangilio. Karoti chini kabisa, ili samaki asigande. Juu yake viazi vyembamba na nusu ya nyanya. Funika, moto mdogo, dakika 20, kwa kuwa viazi huchelewa kuiva kuliko samaki. Kisha mlaze samaki, mfunike kwa hoho na nyanya zilizobaki. Usiongeze maji, nyanya zinatosha. Weka makaa machache juu ya kifuniko, kama unaoka keki. Dakika 25, ameiva.

Pakueni sinia moja, kwa mkate. Mwisho wa muhula wapo wenzetu wanaolala na njaa na hawasemi. Samaki ni mmoja, lakini mboga huongezeka: ongeza viazi viwili, umwite jirani. Bismillah.