KWA NINI DAWA YA MALARIA YA ZAMANI HAIPONYI TENA?



Tunapopita nyumba kwa nyumba, wazee wengi hutuuliza: "Kwa nini zahanati haitupi klorokwini? Ile chungu ndiyo ilituponya kule kwetu." Wengine wanadhani wanafichwa dawa nzuri. Hapana, hakuna anayewaficha. Leo tujifunze kilichotokea.

Malaria huletwa na vimelea, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo mbu huviingiza mwilini. Vikifika katika damu huzaana hadi kuwa mamilioni na mamilioni. Katika wingi huo, vichache huweza kuwa na tofauti ndogo inayovifanya vistahimili dawa. Dawa ikimezwa pungufu, vilivyo dhaifu hufa na vile vistahimilivu hubaki peke yake. Huzaana, mbu anakuuma, kisha anavipeleka kwa jirani. Huo ndio usugu wa dawa.

Hapa tuelewane vizuri. Si mwili wako uliozoea dawa, kama wengi tunavyosema. Ni kimelea kilichobadilika. Ndiyo maana hata mtoto ambaye hajawahi kuonja klorokwini anaweza kupewa na asipone.

Usugu wa klorokwini ulionekana mwishoni mwa miaka ya 1950 mpakani mwa Thailand na Kambodia, na pia Amerika ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa umefika Afrika Mashariki. Tanzania iliiacha mwaka 2001 ikaweka SP, ambayo wengi tuliijua kwa jina la Fansidar. Nayo haikudumu, na ilipofika 2006 ikaletwa dawa mseto, ALu. Siku hizi SP hupewa mama wajawazito kwa ajili ya kinga.

Dawa mseto ina dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Ya kwanza, artemeta, ni kali na ya haraka: hupunguza vimelea sana katika siku ya kwanza na ya pili, lakini hutoka mwilini baada ya saa chache tu. Ya pili, lumefantrini, huenda polepole na hukaa siku kadhaa ikimalizia vilivyobaki. Kwa hiyo siku ya pili unapojisikia mzima, kazi bado haijaisha.

Nilimtembelea mama mmoja ambaye mtoto wake alipewa vidonge 6. Alimpa 3, vingine akavifunga kwenye kitambaa. "Mwanangu, alikuwa anacheza mpira, ningempa dawa ya nini?" Baadaye mdogo wake alipopata homa, akapewa vile 3 bila kupimwa. Haikupita muda wote wawili wakarudi kitandani, na yule mdogo akapata degedege usiku. Alipona baada ya kulazwa. Sikuweza kumlaumu mama. Kutunza akiba ndiyo maisha yetu hapa. Lakini nusu dozi si akiba.

Jambo hili haliko mbali nasi. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba Rwanda kuna vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za kundi la artemeta. Baadaye vilionekana Uganda, na hapa Tanzania katika mkoa wa Kagera, unaopakana na Kigoma yetu. Vikiizoea na lumefantrini pia, sijui wazee watatuuliza nini tena.

Basi ukipewa ALu, meza mara 2 kwa siku kwa siku 3. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ile ya kwanza. Zinazofuata ni asubuhi na jioni. Meza pamoja na chakula, hasa chenye mafuta kidogo, au maziwa, kwa sababu tumbo likiwa tupu lumefantrini haiingii vizuri katika damu. Mtoto akitapika kabla ya saa moja kupita, mrudishie dozi hiyo, kisha uje zahanati uongezewe kidonge.

Kumbuka pia kwamba kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kuonyesha malaria hata wiki kadhaa baada ya kupona. Usinunue dawa sokoni kwa sababu ya mstari huo. Lakini homa ikirudi baada ya kumaliza dozi, njoo mara moja, ukiwa na pakiti uliyotumia, na umweleze mganga tarehe uliyoanza kumeza. Mgonjwa wa namna hiyo huchukuliwa damu ikaangaliwe kwa darubini.