Kiunganishi cha Kumbukumbu za Ukaguzi: Maana na Utendakazi Wake

Utangulizi

Mwanafunzi wa sarufi anapolitaja neno kiunganishi, hukusudia maneno kama vile "na", "lakini" na "kwa sababu". Katika taaluma ya tarakilishi, neno hilohilo limetwishwa jukumu jingine: ni programu inayochota taarifa kutoka mfumo mmoja na kuzifikisha katika mwingine. Makala haya yanaeleza jinsi kiunganishi maalumu kinavyoundwa ili kukusanya kumbukumbu za ukaguzi za hifadhidata.

Tatizo

Chukulia chuo kinachohifadhi alama za mitihani katika hifadhidata ya PostgreSQL. Usiku mmoja, alama 38 ya mtahiniwa inageuzwa kuwa 62. Mfumo huo, usipoelekezwa, hauandiki kila amri inayotolewa. Nyongeza iitwayo pgAudit huliziba pengo hilo kwa kuandika amri na jedwali lililoguswa, huku faili ya kumbukumbu ikionyesha akaunti na wakati. Hata hivyo, faili hiyo hukaa katika seva ileile, na msimamizi mwenye mamlaka kamili anaweza kuifuta. Kumwachia yeye ushahidi huo ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani. Kwa hivyo, kumbukumbu hazina budi kuhamishiwa seva nyingine asiyoitawala.

Hatua za Uundaji

Kwanza, pgAudit hupakiwa na hifadhidata huanzishwa upya. Huteuliwa aina za amri zitakazoandikwa, kwa kuwa kuandika kila kitu huijaza diski upesi.

Pili, kiunganishi hupewa akaunti yake yenyewe, isiyo na uwezo zaidi ya kusoma faili za kumbukumbu.

Tatu, kila tukio huchanganuliwa. Katika faili ya CSV, koma hutenga safu, lakini amri yenyewe yaweza kuwa na koma au kuenea mistari kadhaa. Alama za mtajo ndizo zinazoonyesha mwanzo na mwisho wake. Programu inayozipuuza huikata amri vipande na kupotosha maana, sawa na msomaji asiyejali uakifishaji. Aidha, nyakati zote hugeuzwa kuwa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Nairobi kwa saa 3.

Nne, kiunganishi huweka alama mahali kilipofikia, lakini baada tu ya mpokeaji kukiri kupokea. Kikitangulia kuweka alama, umeme ukikatika matukio hupotea. Kikichelewa, matukio hurudiwa, na marudio huondolewa kwa urahisi kuliko pengo linavyozibwa.

Tano, taarifa husafirishwa kwa njia fiche. Kiunganishi kikinyamaza kuliko kawaida, mpokeaji hutoa tahadhari, kwani kimya chaweza kuwa dalili ya ukaguzi kuzimwa.

Hitimisho

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 humtaka mdhibiti wa data amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu atambue uvujaji wenye hatari halisi ya madhara. Pasipo kumbukumbu, hana la kueleza. Isitoshe, kumbukumbu hutaja akaunti, haimtaji mtu. Makarani watano wakitumia nywila moja, hakuna kiunganishi kitakachobainisha ni nani aliyeigeuza alama ile, na asiye na hatia atashukiwa pamoja na mkosaji.