MTOTO NA BARABARA: MAFUNZO HUTANGULIA HATARI

Mtoto mdogo aonapo mpira wake umevuka barabara, huufuata. Amwonapo mama yake ng'ambo ya pili, humkimbilia. Hafanyi hivyo kwa ukaidi. Akili yake haijaweza kupima mbio za gari, na hata atimizapo miaka minane bado hukosea mara nyingi.

Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ndio mwendo wa juu ulioruhusiwa na sheria ya Kenya mijini, hupita mita 14 kwa sekunde moja. Dereva amwonapo mtoto, huenda mita hizo kabla hajakanyaga breki, kisha gari huhitaji mita nyingine nyingi ndipo lisimame. Basi mzazi asitegemee breki za mtu mwingine.

Wazazi wengi, mtoto akinusurika, humkamata na kumchapa. Hapo hofu ndiyo ipigayo, wala si mafunzo. Mtoto aliyechapwa hujifunza kumwogopa baba yake. Gari haliogopi, kwa kuwa halikumwumiza. Tena liko jambo baya zaidi: mtoto aliyezoea kupigwa, aitwapo kwa sauti kali hukimbia, na pengine hukimbilia barabarani. Nayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inakataza mtu yeyote kuadhibiwa kwa kupigwa.

Kutochapa si kuacha kurudi mtoto. Yafaa mzazi amfundishe neno moja, "Simama!", nalo lisitumiwe ila kwa hatari. Lifanyiwe mazoezi uani kila siku kama mchezo: mtoto akimbie, aitwe, asimame pale pale, asifiwe. Na njiani ashikwe kifundo cha mkono, maana vidole huchopoka upesi. Akijinasua kwa makusudi, safari ya kutembea ikomeshwe, arudishwe nyumbani au abebwe, na iwe hivyo kila mara bila kubadilika. Adhabu ndogo isiyokosa hufunza kuliko kali ijayo siku moja moja.

Mtoto akifikia umri wa kuelewa, afundishwe kuvuka. Katika Kenya magari hupita upande wa kushoto. Kwa hiyo yaliyo karibu hutokea kulia. Atazame kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, avuke kwa kutembea, si kwa kukimbia. Asivuke mbele wala nyuma ya matatu iliyosimama. Angoje iondoke, kwani dereva ajaye hamwoni, na pikipiki za bodaboda hupenya pande zote. Pasipo njia ya miguu, watembee upande wa kulia wakiyakabili magari, mtu mzima akiwa upande wa magari.

Wauzao mboga kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, Nakuru na Malaba wana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa malori hupita hatua chache tu kutoka bidhaa zao. Jicho moja haliwezi kumtazama mnunuzi na mtoto pamoja. Mahali pa kuchezea na pawe nyuma ya kibanda, penye kizuizi, na wauzaji wapeane zamu ya kuwatunza watoto. Kumwachia dada wa miaka sita ulezi huo ni kuwaweka watoto wawili hatarini.

Mwisho, mtoto hufuata miguu ya mzazi kuliko maneno yake. Barabara kubwa ya Nairobi hadi Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, ina madaraja ya waendao kwa miguu. Hata hivyo wako watu wazima warukao vizuizi ili kuokoa dakika tano. Mtoto aliyevutwa mkono kupita hapo mara moja amekwisha pata somo lake, naye atalirudia siku atakapokuwa peke yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.