Somo la Hesabu: Kutafuta Katikati ya Namba Mbili

Mji wa Madogo umekaa ukingoni mwa Mto Tana, ukitazamana na mji wa Garissa ulio ng'ambo ya pili. Wakulima wa huko hupanda migomba, miembe na mahindi karibu na maji, na wafugaji huteremsha ng'ombe wao kunywa kwa njia ziitwazo malka. Ng'ombe wakisogea mno upande mmoja, shamba hukanyagwa, na ugomvi hauwi mbali. Kwa hiyo kujua katikati ni wapi si kazi ya watoto wa shule peke yao.

Tuseme hatua zimehesabiwa kutoka mwembe mkubwa kwa kufuata ukingo wa mto. Ua wa shamba la kwanza unaishia hatua ya 36, na ua wa shamba la pili unaanzia hatua ya 60. Malka imo baina yao. Je, kigingi cha katikati kipigwe wapi? Jumlisha 36 na 60, upate 96. Kisha gawanya kwa 2, upate 48. Hapo ndipo mahali pake. Kutoka 36 hadi 48 ni hatua 12, na kutoka 48 hadi 60 ni hatua 12 vilevile. Wala hakuna upande uliopunjwa.

Iko njia nyingine. Toa 36 katika 60, zibaki 24. Nusu yake ni 12. Ongeza 12 hizo juu ya namba ndogo, yaani 36, nawe utafika 48 tena. Wengi hukosea hapa: wakiisha kupata 12 huweka kalamu chini, wakidhani kazi imekwisha. Lakini 12 haimo baina ya 36 na 60, basi haiwezi kuwa katikati yake. Mzee asiyejua kusoma, aliyenyosha kamba kutoka ua hadi ua na kuikunja mara mbili, hawezi kukosea hivyo, kwa sababu hupima akianzia uani.

Namba zikitoa jumla isiyogawanyika sawasawa, katikati ipo vilevile. Baina ya 13 na 20 jumla ni 33, na nusu yake ni 16½.

Sasa tuutazame mto wenyewe. Kimo cha maji husomwa kwenye nguzo yenye alama za mita na sentimita. Tuseme saa 1 asubuhi maji yalikuwa mita 2.40, na saa 11 jioni yalikuwa mita 3.10. Katikati ya saa hizo ni saa 6 mchana, kwa kuwa 1 na 11 ni 12, na nusu ya 12 ni 6. Katikati ya vimo ni mita 2.75. Je, maji yalikuwa mita 2.75 saa 6? Hesabu haikusema hivyo. Yangekuwa hivyo kama yangalipanda kwa mwendo mmoja tangu asubuhi hadi jioni, na Mto Tana hauna desturi hiyo. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, na mabwawa ya Masinga na Kiambere yakijaa, yanayozidi hushuka chini, hata kama mbingu ya Madogo ni kavu. Huenda saa 6 nguzo ilionyesha mita 3.00. Mwenye mbuzi aliyeitegemea 2.75 amepungukiwa na sentimita 25, nazo ni nyingi kwa mwana-mbuzi.

Jambo hili si la kubuni tu. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalifunika barabara baina ya Madogo na Garissa, na tarehe 28 mashua iliyokuwa ikivusha abiria ilipinduka, watu wakafa. Palipo na maji yapandayo, nguzo na isomwe tena saa 6. Katikati ya kwenye karatasi haitoshi.

Maswali kwa wasomaji:

1. Vigingi viwili viko hatua ya 25 na hatua ya 40. Katikati ni wapi?

2. Katikati ya malka ni hatua ya 50, na ua mmoja uko hatua ya 38. Ua wa pili uko wapi?

Majibu: (1) 32½. (2) 62.